Mjomba, Huku Wanapima Mpaka Shubiri

Minneapolis, Marekani
Mwezi wa nne

Mjomba,

Pesa ya bati nimemtumia mkaza mjomba, si wewe, na sababu unaijua.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini Wamarekani wanabishana kuhusu mpira wao ule wa kushika mkononi mwezi huu, wakati ligi yao iliisha mwezi wa pili. Wanabishana juu ya vijana ambao bado hawajaicheza. Mwezi huu timu zote 32 hukaa kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni: iliyoburuza mkia kwa kawaida huanza kuchagua, bingwa husubiri mwisho. Na hakuna nafasi inayowatoa watu mapovu kama ya wapokeaji wa pembeni, wale wanaochomoka mbio kama wameacha chungu motoni, kisha wanageuka na kudaka mpira uliokwisha kuruka nusu ya uwanja.

Kabla ya kugawana, vijana huitwa Indianapolis kwenye usaili. Mjomba, wewe bandarini ulitazamwa mgongo, ukaulizwa jina, kesho yake ukaanza kazi. Hawa wanapimwa urefu, uzito na mikono. Halafu wanaambiwa watanue kiganja, na bwana mmoja anapima shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, mpaka thumni ya inchi. Wanaruka juu, wanaruka mbele. Mwisho wanakimbizwa yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi. Ukitumia sekunde 4.6 watu wanaenda kutafuta kahawa. Ukitumia 4.3 mama yako ameshajengewa nyumba.

Basi mwaka 2017 kijana mmoja, John Ross, alikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi kwa wakati ule. Cincinnati wakamnyakua akiwa wa 9. Msimu wake wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Usaili huohuo alikuwepo Cooper Kupp kutoka chuo cha Eastern Washington, akakimbia kwa 4.62. Akaachwa mpaka nafasi ya 69, Los Angeles Rams wakamchukua. Msimu wa 2021 Kupp alidaka mara 145, akapata yadi 1,947 na tachidauni 16, ndiyo magoli yao, akaongoza ligi kwa yote matatu. Fainali ikafika. Wapinzani wake nani? Cincinnati haohao. Zikiwa zimebaki dakika mbili kasoro, Kupp akadaka pasi ya ushindi. Saa waliyoiamini Indianapolis ilikuwa sahihi kabisa, tatizo ni kwamba haikuulizwa swali lenyewe.

Swali lenyewe nilifundishwa na mwenzangu mmoja hapa ghalani ninakofanya kazi, mshabiki wa Minnesota Vikings, wakati wa mapumziko. Aliweka video kwenye simu, nikakodolea mpira. Akaniziba macho. "Achana na mpira, tazama nyonga za beki." Tukairudisha. Mpokeaji anasimama, beki yuko mbele yake, mkono kwa mkono. Bega linasema kushoto, kichwa kinasema kushoto, mguu unakwenda kulia. Nyonga za beki zikishageuka, kwisha habari yake, hata mpira haujarushwa. Ustadi wa pili ni kukimbia njia tatu tofauti zinazofanana kwa yadi kumi za kwanza: moja inanyooka, moja inakata ndani, moja inarudi nyuma. Beki anajua mpokeaji anakoelekea siku hiyohiyo wewe unajua, yaani akishachelewa.

Mtu tuliyekuwa tukimtazama ni Justin Jefferson. Mwaka 2020 wapokeaji wanne walichaguliwa kabla yake. Kisa? Chuoni LSU, msimu wake wa mwisho, alikuwa akianzia zaidi upande wa ndani, ambako nafasi ni pana, basi wakubwa wa timu wakaogopa kwamba pembeni atabanwa. Philadelphia, wa 21, wakamchukua Jalen Reagor. Minnesota, wa 22, wakaokota Jefferson. Mwaka wa kwanza yadi 1,400. Mwaka 2022 yadi 1,809, akaongoza ligi nzima. Mwaka huohuo Philadelphia wakamuuza Reagor. Kwa nani? Minnesota! Akaja kukaa benchi na kumtazama aliyekuja nyuma yake.

Sasa ugomvi wetu wa ghalani. Msimamizi wangu ni mtu wa Cincinnati, na kwake hakuna mpokeaji zaidi ya Ja'Marr Chase, aliyecheza na Jefferson hapo LSU. Msimu wa 2024 Chase naye aliongoza kwa yote matatu: kudaka mara 127, yadi 1,708, tachidauni 17. Mwenzangu anajibu: "Chase anarushiwa na Joe Burrow, wanajuana tangu chuoni. Jefferson, msimu wa 2023 peke yake, timu yake ilianza mechi na warushaji wanne tofauti!" Na hapo ana hoja, Mjomba. Mpokeaji hajirushii. Hesabu zake nusu ni za mtu mwingine, ndiyo maana ukilinganisha takwimu tupu unalinganisha warushaji bila kujua.

Nikawaambia kwetu Tanga kuna mzee aliyetazama Coastal Union ikichukua ubingwa mwaka 1988, bila rula wala saa, na dakika ya kumi tu anakuambia huyu mchezaji na huyu mzigo. Wamekubali uwe mwamuzi. Jumapili nitakutumia vipande viwili vya video, halafu tutakupigia, simu ikiwa kwenye spika.

Ila nikuombe jambo. Msimamizi ndiye anayenipangia zamu. Huyu wa Minnesota ndiye anayenipa lifti, na huku hata mwezi wa nne baridi haina adabu. Ukimtaja Jefferson, nakesha kazini. Ukimtaja Chase, narudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo ukiulizwa, kohoa kidogo, kisha useme wote wazuri, lakini hakuna anayemfikia winga wenu wa 1988.

Ni mimi mpwao.