Shoti tano za Mwanza, kuanzia yenye makelele

Umeme ukikatika Mwanza, mtaa mzima unageuka wahandisi. "Transfoma imelipuka!" anapaza sauti mtu ambaye hajui hata transfoma yao iko nguzo ipi. Basi tuzipange, ya tano hadi ya kwanza.

5. Fezi tatu kwa mpigo. Lori limegonga nguzo, nyaya zote zimekumbatiana. Laini ya kilovolti 11 iliyokuwa inabeba ampea mia mbili hivi inapitisha maelfu papo hapo, hasa jirani na kituo cha kupoza umeme. Mbali na kituo, urefu wa waya wenyewe unaubana mkondo. Breka inakata kabla hujamaliza kusema "mama!" Hutokea kwa nadra, lakini husimuliwa miaka kumi.

4. Korongo. Wale wazee wenye vipara wanaongoja utumbo wa sangara pale Kirumba Mwaloni. Shomoro akitua kwenye waya mmoja hana kesi, umeme hauna pa kupitia. Korongo akikunjua mabawa yake ya mita mbili na nusu, anazishika fezi mbili kama anayesalimia wakwe. Na tusimcheke peke yake: tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima iliingia gizani baada ya tumbili kuangukia transfoma kituo cha Gitaru. Tumbili akapona. Korongo hapewi nafasi hiyo.

3. Mwembe wa jirani. Mwambie apunguze matawi yanayogusa nyaya, atakuuliza kama umechoka kula maembe.

2. Radi. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na kazi yake hupenda kuifanya usiku. Radi ikipiga laini, cheche inaruka juu ya kikombe kinachoshikilia waya mpaka kwenye chuma cha nguzo, na umeme wa laini unaifuata njia hiyohiyo. Breka inakata, inasubiri kidogo hewa ipoe, inarudisha. Ndiyo ule umeme unaokukonyeza mara mbili halafu ukatulia. "Wanatuchezea hawa!" Hapana ndugu yangu, hapo mitambo imefanya kazi yake.

1. Waya mmoja chini. Fezi moja kugusa ardhi ndiyo hitilafu ya kawaida kuliko zote. Kwenye tope, mkondo unakuwa mkubwa na breka inakata. Lakini hili ni jiji la miamba. Waya ukilala juu ya jabali kavu kule Bugarika au Mabatini, jiwe linapitisha umeme kiduchu, na breka kule kituoni inadhani mtu kawasha pasi. Haikati. Waya umetulia tuli na kilovolti zake 11, hauungui, haulii, na watoto ndio wanatoka shule.

Hapo ndipo mhandisi wetu wa mtaa anatokea na fimbo. "Huu umeshakufa," anasema. "Na fimbo ni kavu."

Mvuteni shati kwanza. TANESCO mtawapigia mkiwa mmemshika.