Hongera, Hujaamua

Kijana ameomba uhandisi wa kompyuta katika chuo kikuu cha jimbo huko Marekani. Jibu limekuja: hongera, umepokewa, ila fani yako ni “hujaamua”. Mtoto aliyeanza kufumua redio za baba yake darasa la nne (kuzirudisha ni somo jingine) chuo kimemwamulia kwamba hajaamua! Ada haina kigugumizi hicho. Yenyewe imeshataja tarehe. Akiutaka uhandisi, avune alama za juu za hisabati na fizikia, kisha aombe upya, nafasi zikiwepo. Katika chuo kingine cha huko, MIT, wanafunzi wote huingia bila fani, halafu kila mtu hujichagulia aitakayo. Mama mtu, lakini, amekwisha kuwatangazia majirani: mwanangu injinia.