Maji Nayo Yameugua

Ukimwambia mtu wa Uvira kwamba ziko maabara zinazochunguza mageuzi ya virusi, atawaza vita vya werevu wawili: kirusi mjanja upande huu, na upande ule mtaalamu aliyejifunika kama mrina asali. Mimi simwoni mjanja hata mmoja. Kirusi ni karani mzembe. Kazi yake ni kunakili barua ileile usiku na mchana, na humo huruka herufi, hurudia mstari, pengine huangusha ukurasa mzima. Nakala nyingi zilizoharibika huishia hapohapo. Ile iliyokosewa ikafaa ndiyo inayotufikia. Mtaalamu naye huandika namba za mirija kwa kalamu inayouzwa kwa sifa ya kutofutika, kisha hupitisha kitambaa chenye alkoholi, na namba zote huondoka na kitambaa. Hapo ni karani kwa karani. Tofauti yao ni kwamba mmoja anaweza kuwa na daftari la makosa yake, nami nasema daftari hilo linapita kwa thamani mashine yoyote iliyokuja kwa ndege.

Ushahidi wa kwanza kwamba ujanja hauhitajiki unaogelea mbele ya mji wetu wa Uvira. Ziwani Tanganyika yupo samaki mdogo, Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda: uliopinda kulia hunyofoa ubavu wa kushoto wa samaki mwingine, uliopinda kushoto hunyofoa wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori, mtafiti wa Kijapani aliyewachunguza samaki hao katika pwani yetu hii ya kaskazini, alionyesha kwamba wa upande mmoja wakizidi, wanaonyofolewa huulinda zaidi ubavu huo, na wale wachache wa upande wa pili hushiba. Mizani hubembea miaka nenda miaka rudi, bila samaki hata mmoja kuitisha mkutano wa kupanga mbinu. Miaka thelathini baadaye, kuanzia Septemba 2023, mambo ya aina hiyo yalitukuta nchi kavu, Kamituga, kwenye machimbo ya dhahabu. Kipimo kimoja cha kutambua tawi la kwanza la mpoksi kilitafuta jeni fulani, na kirusi cha Kamituga kilikuwa kimeidondosha jeni hiyo njiani. Kipimo cha jumla kilisema ndiyo, cha tawi kikasema hapana, na mgonjwa yuko pale amejaa malengelenge. Tulikuwa tumelinda ubavu wa kushoto. Ilikuwa rahisi kuulaumu mrija na kulitupa jibu lisilolingana na mwenzake. Ugomvi huo wa majibu ulipoandikwa, ndipo tawi jipya, Ib, lilipojulikana sura yake. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, tawi hilo lilikwisha kufika Uvira na kuingia Burundi, wala halikupanga foleni pale mpakani Kavimvira.

Elimu hii tangu mwanzo imejaa ajali. Mwaka 1976 damu ya mtawa mgonjwa ilisafirishwa kutoka Kinshasa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai. Ilipofunguliwa, kichupa kimoja kati ya viwili kilikuwa kimevunjika na kumwagikia katika barafu iliyoyeyuka; kilichosalia ndicho kilichotoa Ebola. Jina lenyewe lilichukuliwa kutoka mto ulioonekana kwenye ramani kuwa jirani wa Yambuku, na ramani haikuwa sahihi. Mpoksi nayo iligunduliwa mwaka 1958 kwa nyani wa maabara huko Copenhagen, basi nyani wakabebeshwa lawama kwa jina hadi 2022. Makosa yote hayo tunayacheka leo kwa sababu yupo aliyeyasimulia bila kuona haya.

Atasema mtu kwamba huku ni kuusifu uzembe. Sivyo; ninachosifu ni kuandika. Kipande cha tezi kilichokatwa Kinshasa mwaka 1960 kilihifadhiwa ndani ya nta. Mwaka 2008 watafiti walieleza virusi vya UKIMWI walivyovisoma humo, wakavilinganisha na vya damu ya mwaka 1959 ya mji huohuo, na kwa kuhesabu herufi zilizotofautiana wakakadiria kwamba virusi hivyo vilianza kuenea kwa watu mwanzoni mwa karne ya 20. Hesabu nzima ilisimama juu ya mtu aliyeandika tarehe. Bila tarehe, kipande kile kingekuwa mshumaa uliokosa utambi.

Mwingine atasema kwamba taabu yetu ni umeme na barabara, na daftari halimwagi mazutu ndani ya jenereta. Kweli kabisa. Lakini friza lililoyeyuka usiku kucha na asubuhi likafungwa kimyakimya halijawahi kumwombea mtu jenereta. Lililoandikwa saa lilipozimika, saa lilipowaka na mirija iliyoharibika, hilo lina la kusema mbele ya mwenye fedha.

Pingamizi zito ni la mwisho: watu wakijua kwamba maabara hukosea, nani ataamini majibu yake? Hebu tutazame mrija wa maji matupu. Katika kila awamu ya vipimo huwekwa mrija usio na mgonjwa, maji tu, ambao lazima useme hapana. Ukisema ndiyo, basi tone limeruka mahali fulani, na maji safi yameugua mpoksi. Hapo mtu anaweza kurudia kazi bila kumwambia mwenzake mpaka maji yapone. Anaweza pia kuandika tarehe, saa, nani alishika pipeti, kwamba leo maji yameugua, kisha akatia sahihi. Habari hiyo ikifika soko la Mulongwe watu watacheka wiki nzima, na wawe na afya. Lakini ikifichwa, wakaja kugundua wenyewe kwamba majibu ya watoto wao yalitoka katika awamu ile ile, hakuna atakayecheka.