Mchi Chini ya Carina

Carina yetu ilikuwa ikigonga ko! ko! mbele kila ilipoacha lami ya Shinyanga–Mwanza na kushika vumbi la Mwadui. Baba Kulwa alisema ni redio. Baba yake mkubwa, aliyezeekea kwenye karakana ya mgodi wa almasi wa Mwadui, ule ulioanzishwa na Williamson mwaka 1940, hakubishana naye. Alipiga jeki, akapenyeza nondo chini ya tairi na kulinyanyua. Likacheza.

“Boljointi zote mbili zimekwisha, mwanangu. Raba imechanika, grisi imetoka, vumbi limeingia. Siku ikichomoka, tairi linalala.”

Fundi wa barabarani akataja bei. Baba Kulwa aliposikia bei, akawa fundi.

Uani kwetu ni udongo wa mbuga, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Jeki ilizama, gari likabaki palepale. Ukachukuliwa ubao wangu wa kusukumia chapati. Baba mkubwa akaamuru tairi la akiba liingie chini ya ubavu wa gari kabla ya kichwa cha mtu yeyote.

Pini ikatoka, nati ikafunguka, lakini boljointi ikang'ang'ania. Baba Kulwa akaanza kuitwanga ncha yake. Mzee akamnyang'anya nyundo: “Hapigwi mgonjwa, anapigwa aliyemshika!” Akagonga ubavu wa kile chuma kilichoishikilia, ikaachia kwa kishindo hata kuku wakakimbia.

Sasa mkono wa chini ukagoma kushuka. Macho ya wanaume wale yakazunguka ua mzima, yakatua kwangu, nikitwanga karanga.

“Mama Kulwa, tuazime huo mchi.”

“Na karanga nitwange kwa kiwiko?”

Mchi ulikwenda. Wakauchomeka juu ya ule mkono, Kulwa na Doto wakaning'inia mwishoni, chuma kikashuka kwa adabu. Boljointi mpya ikaingia; nati mpya ilipokazwa, tundu la pini likapishana kidogo. Baba Kulwa akataka kuilegeza. “Hairudishwi nyuma,” mzee akasema. “Kaza mpaka tundu lionekane.”

Upande wa pili watoto walikwisha kuuzoea mchezo, wakaruka. Mchi ukapasuka toka kichwani hadi katikati.

Jumatatu gari, kimya kabisa, likaenda mjini Shinyanga kupima alaimenti. Nilimwagiza Baba Kulwa mchi. Akarudi na mpini wa jembe, akasema ni mti uleule.