Shamba Lililozama Bahari ya Rumi

GDAL, maktaba ya programu aliyoianzisha Frank Warmerdam wa Kanada mwaka 1998, na ambayo vyombo vingi vya kuchora ramani huitegemea hadi leo, imeandikwa kwa C++. Na kwa kuwa sisi wengine huku Karatu maarifa yetu yanakomea kwenye Python, sharti awekwe mkalimani baina yetu nayo, naye ana kiburi cha ajabu, kwani toleo lake likihitilafiana na la maktaba, hasemi neno hata ungembembeleza vipi. Umeme ukakatika kama ilivyo ada, ukarudi, matoleo yakapatanishwa, na mkalimani akafumbua kinywa.

Ikabaki kumtahini kwa jaribio nililokuwa nalo. Mzee jirani, mkulima wa kahawa, alikuwa amekuja kuchaji simu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu nionyeshe shamba langu humo.”

Walakin jaribio lile lilitungwa kabla ya mwaka 2019, zama za kutanguliza longitudo, ilhali tangu toleo la 3 maktaba hufuata kanuni rasmi ya WGS 84 na kuanza na latitudo. Basi shamba likatokea ndani ya Bahari ya Rumi, baina ya Moroko na Hispania, na Kreta ya Ngorongoro, yenye upana wa kilomita zipatazo 20, pamoja na faru, tembo na viboko wake, imezama kando yake.

Mzee akatazama kwa taadhima. “Ndiyo maana hatupati mvua. Maji yote yako huko.”

Mpangilio ukageuzwa, shamba likapanda nchi kavu. Lakini nambari zake zilinakiliwa zamani kutoka ramani ya 1:50,000, iliyochorwa kwa Arc 1960, mfumo unaoikadiria dunia kwa vipimo vya Clarke vya 1880, na jaribio lile halikuwa na habari ya kuzigeuza ziafikiane na WGS 84, hesabu ya setilaiti. Shamba likasogea kama mita 300 kaskazini, likatua juu ya chemchemi ya jirani ambaye, kwa miaka na dahari, amemnyima mzee maji ya kunyweshea ng’ombe.

Nikaanza kumweleza habari za Clarke. Akanizuia kwa mkono.

“Mwanangu, kompyuta hii ina insafu. Mtihani imefaulu. Sasa usiguse kitu. Nipigie chapa nakala mbili, moja ya mwenyekiti wa kijiji.”