Itatufikisha: Mwongozo wa Kumtunza Mzee wa Tani Moja

Kenya hairuhusu gari kuukuu kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sheria hiyo haisemi neno kuhusu magari ambayo tayari yamo ndani, na hapo ndipo sisi wenye pikapu za zamani tulipopata mwanya wetu. Kutoka Gilgil hadi Mau Summit, ukipita karibu na boma lenye ng'ombe watatu na ekari ya viazi, chungulia chini ya mti: yupo mzee wa tani moja, na kuku anatagia kwenye kiti cha dereva. Huyu ni Isuzu TFR aliyeunganishwa Nairobi enzi kampuni ikiitwa General Motors, kabla haijawa Isuzu East Africa mwaka 2017. Yule ni Datsun, mlango wake wa kushoto unafunguliwa kwa bisibisi. Na yule pale ni Peugeot 504, ambaye mwenyewe hakuachi uende kabla hajakukumbusha kwamba gari la jina hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978. Muulize kama linawaka, naye atakurudisha 1975.

Mwongozo huu ni wa kumtunza mzee huyo nyumbani bila kutumia pesa nyingi, au tuseme bila kuzitumia zote kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na kuwasha. Waliojenga mji wa Nakuru walitufikiria mapema, wakautandaza kwenye mteremko, Menengai mgongoni na ziwa mbele. Kwa hiyo kanuni ni moja: unapoegesha jioni, pua ya gari iangalie ziwani. Asubuhi fungua swichi, tia gia ya pili, kanyaga klachi, achia breki. Gari likishashika kasi kidogo, achia klachi kwa ghafla; litashtuka, litakohoa, litaamka pamoja na mtaa mzima. Mkazi wa Milimani anaweza kuishi hivyo hadi uzeeni bila kununua betri. Mkazi wa Lanet, kwenye tambarare, anahitaji watoto wengi wenye afya. Kuna njia nyingine, nayo ni kukagua vichwa vya betri. Ule unga wa kijani na mweupe ukisuguliwa kwa maji moto yenye magadi, huenda ukagundua betri ilikuwa nzima muda wote. Ukigundua hivyo, usimwambie yeyote kati ya waliokusukuma.

Gari likikataa kabisa, fungua boneti. Usiite mtu, watakuja wenyewe. Atakuja mwenye duka, atakuja wa bodaboda, atakuja mzee mmoja aliyewahi kuendesha trekta Njoro, na kila mmoja atakuwa na ugonjwa wake anaoujua. Wa bodaboda atasema ni plagi, kwa kuwa pikipiki yake ina plagi. Mwambie kwa upole kwamba gari ni la dizeli, halina plagi. Atasema basi hiyo ndiyo shida yenyewe. Ukiambiwa kuna fundi hodari aliyesomea kazi London, uliza London ipi, maana hapa Nakuru tuna mtaa wa jina hilo, na ndiko lilikokuwa jaa la taka.

Maji yanataka maelezo marefu kidogo. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru, karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na ukipanda hadi Timboroa, ambako reli ya zamani hufika mita 2,784, zinabaki kama 91. Aliyeunda gari alilijua hilo, akaweka kifuniko cha rejeta chenye springi. Kile kifuniko hubana shinikizo ndani, na kwa shinikizo hilo maji huvumilia zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Ni kitu kidogo, bei yake haizidi ya kilo chache za nyama ya Kikopey. Ndiyo maana mwenye pikapu aliyekomaa hukitupa na kuziba mdomo wa rejeta kwa kipande cha shuka. Akipanda Sachang'wan na viazi, mvuke wake huonekana kutoka mbali, na wanaomsubiri hujua waweke chai.

Maji yenyewe yatoke kisimani. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi ya kutosha kuyatia meno ya wenyeji rangi ya kahawia. Wewe yamimine kwenye rejeta badala ya kulanti, kwa imani kwamba chuma hakina meno. Kila yanapochemka, chumvi zake hubaki kwenye mirija. Siku rejeta ikivuja, vunja yai. Tia ute peke yake, injini ikiwa na joto, nao utaganda kwenye tundu na kuliziba. Utaganda pia kwenye mirija isiyovuja, lakini hilo ni tatizo la wiki ijayo. Na ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaikuta imekuwa kama chai ya maziwa, usiongeze yai. Gasketi ya hedi imekufa, maji na oili wameoana, na harusi hiyo gharama yake utailipa wewe.

Tangi la petroli likitobolewa na jiwe, sabuni ya kipande ndiyo dawa. Hii si kejeli: sabuni haiyeyuki ndani ya petroli, na ukiikanda vizuri ukaisukumiza kwenye tundu, hushika kweli. Tatizo ni kwamba huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo omba isinyeshe Elburgon. Kifuniko cha tangi nacho kilipotea zamani, na kwa miaka mingi kazi yake ilifanywa na mfuko wa plastiki. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini, na walioumia si wachuuzi wa sokoni peke yao. Wengine tumehamia gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa.

Hapa inafaa nimsifu fundi wa jua kali, na ninamsifu kwa dhati. Mtu anayeweza kukutoa Molo saa tatu za usiku, kwenye ukungu, kwa kutumia ukanda wa tyubu, msumari na kipande cha sabuni, anastahili heshima kuliko tunavyompa. Anapomaliza hujipangusa mikono na kusema, "Itatufikisha, mzee." Na kweli inatufikisha. Lakini sabuni ile alikupa ya kutoka Molo hadi nyumbani. Hakukupa ya kuendea mazishi Subukia, ya kubebea mbolea msimu mzima, wala ya kumrithisha mwanao. Mimi nimeona sabuni iliyopakwa rangi ifanane na tangi. Siku ya tatu ukimrudia fundi kulalamika, yeye ndiye atakayeshangaa: "Kwani hukubadilisha?"

Fyuzi ni hivyo hivyo. Ikiungua, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hupitisha umeme vizuri sana. Hupitisha wote, hata ule ambao fyuzi iliwekwa iuzuie, mpaka waya zianze kunuka chini ya dashibodi. Faida yake ni kwamba wakati wa baridi ya Mau Narok unapata joto bila kununua hita.

Tukija kwenye vumbi, hapo ndipo eneo letu lilipobarikiwa. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano, laini kama poda, na ndani yake mna chembe za kioo. Chembe hizo zikiingia kwenye silinda husugua kuta zake na ringi za pistoni kwa subira ya mcha Mungu. Kizuizi pekee ni chujio la hewa. Mwongozo wa kiwandani unasema likichafuka libadilishwe. Sisi tuna njia tatu: kulipigapiga kwenye tairi hadi litoke vumbi na nusu ya karatasi, kulipeleka petroli stesheni likapulizwe kutoka nje kwenda ndani, ili vumbi lisipotee bure, au kulitoa kabisa "injini ipumue". Anayetaka kuharibu mzaha huu alipulize taratibu kutoka ndani kwenda nje, na baada ya kupulizwa mara chache anunue jingine. Pikapu inayotoa moshi wa buluu kila inapobadilisha gia, ikinywa oili kuliko dizeli, mara nyingi ugonjwa wake ulianzia kwenye chujio lililoonekana ghali.

Sasa mzigo. Imeandikwa kwamba gari ni la tani moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50, kwa hiyo magunia ishirini yanatimiza tani kamili. Hesabu hiyo ni rahisi mno, na soko la viazi halipendi hesabu rahisi. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, haijafa, imejifunza tu kutembea usiku. Mwenye gari akiona matako ya pikapu yamegusa lami na taa za mbele zinamulika ndege, hapunguzi gunia hata moja. Huenda kwa mhunzi akaongezewa majani ya springi, mawili kila upande. Majani yakiongezeka, gari tupu huruka kwenye kila tuta kama lina deni na barabara, na likijaa, kinachovunjika sasa ni chasisi, kwa kuwa springi zimekataa. Chasisi nayo huchomelewa. Zipo pikapu ambazo ukitoa kazi ya mchomeleaji, hubaki kitabu cha gari na honi.

Kutu haitaki maneno mengi. Maziwa yaliyomwagika huwa machachu, uchachu hula bati. Mbolea ya kuku hula haraka zaidi. Kuosha sanduku la nyuma kwa maji baada ya kila safari ni bure, ndiyo maana hakuna anayefanya. Badala yake tunangoja bati litoboke, tunaziba kwa fila na gazeti, tunapaka rangi iliyobaki ya lango. Chini ya gari, oili chafu iliyopakwa kwa brashi hukinga chuma kweli. Iliyomwagwa mtaroni hukinga nyasi zisiote.

Kuhusu spea, muuzaji atakuuliza kama unataka jenuini au ya kawaida. Swali hilo ni la adabu tu, ameshaangalia viatu vyako. Ukikosa Nakuru, utaagiza Kirinyaga Road, Nairobi, na kifurushi kitafika na matatu siku hiyo hiyo kikiwa na kitu kinachofanana sana na ulichoagiza, tofauti ni tundu moja la bolti. Beba kile cha zamani mkononi unapokwenda kununua. Ushauri huu hauna kejeli na utakuokolea zaidi ya vyote vilivyotangulia.

Siku ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mvike mzee nguo za kuazima: tairi za shemeji, kizima moto cha jirani, pembetatu za pikapu ya kanisa. Atapita akiwa kijana. Kesho yake vyote virudishwe kwa wenyewe, na cheti kibaki kikishuhudia gari ambalo halipo.

Na breki? Breki sina mzaha nazo. Mteremko wa kutoka Sachang'wan kuja Salgaa umeyashinda malori yenye breki bora kuliko zako. Katika barabara hiyo hiyo, pale Migaa, watu 36 walikufa kwa ajali moja alfajiri ya 31 Desemba 2017. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari limelala chini ya mti. Yakishanyonya, joto la kukanyaga breki mteremko mzima huyachemsha, mapovu huingia kwenye paipu, na pedali hushuka hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Usiongeze oili ya injini wala maji ya sabuni kwenye kikombe chake. Oili huvimbisha raba za ndani, na hapo hata fundi wa Molo hana cha kukufanyia. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Anayekwambia uweke gia huru uokoe dizeli, mshushe mwambie apande gari jingine. Utingo mwenye jiwe mkononi ni mtu muhimu gari likisimama. Likiwa linaenda hana la kufanya ila kuruka.

Ukilazimika kuingia chini ya gari, usiamini jeki peke yake. Weka mawe chini ya ekseli, zuia magurudumu, mwache mtu mzima akiangalia. Kata matawi mengi, uyalaze barabarani tangu mbali, mbele na nyuma, maana pembetatu zimerudi kanisani. Nawe msomaji unayepita na gari lako jipya kati ya Njoro na Mau Summit, ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza mwendo. Kuna mtu amelala chini ya gari hapo mbele, na miguu yake iko barabarani.