Utajiri wa "run"

Haki ya Waingereza tuwape: lugha yao ni tajiri. Kitenzi kimoja tu, "run", wahariri wa Kamusi ya Oxford walikihesabia maana 645. Mtoto akikimbia, "run". Makamasi yakimchuruzika, "run". Duka likiendeshwa, injini ikinguruma, mto ukitiririka, filamu ikiendelea kuonyeshwa, yote "run". Mgombea akiwania urais kule Marekani naye ni "run", hata kama anatembelea mkongojo. Na khanga mpya ukiiloweka beseni moja na shati jeupe la baba watoto, ile rangi inayochuja ni "run" vilevile, ingawa atakayekimbia hapo ni wewe. Huo ndio upana wa lugha!

Sisi mafukara tumebaki na "piga". Tunapiga simu, pasi, mswaki, deki, chafya, kura. Msomi mmoja alitueleza ukumbini, kwa masikitiko makubwa, kwamba neno moja kubebeshwa kazi zote hizo ni dalili ya Kiswahili kupungukiwa na msamiati. Mhadhara wote aliutoa kwa Kiingereza. Tukampigia makofi.